Rameni ya kitimoto cha kukaanga nyumbani: pakiti, kuku na dagaa, au mifupa?

Kabla hujawasha jiko kupika rameni, yaani tambi za Kijapani zinazoliwa ndani ya supu, tumalizane na majina kwanza, maana hili jambo lilishanilia mtungi mzima wa gesi. Wajapani wana tonkatsu na wana tonkotsu, tofauti ni herufi moja tu ila ni vitu viwili mbali kabisa. Ton ni nguruwe, hapo hakuna ubishi. Katsu ni kifupi cha katsuretsu, yaani Wajapani walivyolitamka neno la Kizungu la kipande cha nyama, ndo ile steki inayopitishwa kwenye unga, yai na chenga za mkate halafu inazamishwa kwenye mafuta, na mgahawa wa Rengatei uliopo Ginza, Tokyo, ndo unatajwa sana kwamba ulianza kuuza ya nguruwe mwaka 1899. Kotsu ni mfupa. Kwahiyo tonkotsu ni supu ya mifupa, haina kitu chochote cha kukaanga ndani yake. Mimi mara ya kwanza nilitaka ya kukaanga nikafuata maelekezo ya mifupa, nikashinda Jumamosi nzima natazama sufuria, gesi ikaniishia jioni, na nyama yenyewe ya kukaanga nilikuwa hata sijainunua.

Usicheke sana lakini, maana vyote viwili vinaweza kukaa bakuli moja. Nyama ya kukaanga inapanda juu ya rameni yoyote ile, Japani kwenyewe utakuta katsu rameni, na utakuta paiko-men, hiyo ni nyama ya nguruwe iliyolowekwa viungo ikakaangwa ikawekwa juu ya tambi, na jina lake asili ni Kichina. Kinachowakwamisha watu jikoni sio nyama, kuikaanga ni dakika kumi tu mafuta yakishapata moto. Kinachokwamisha ni supu: nichukue pakiti ya dukani niipambe, nichemshe kuku na dagaa, au niingie kwenye mifupa mazima mazima? Nimezipika zote tatu, moja nikaapa sirudii kisha nikarudia, ngoja nikueleze zilivyo kila moja na wewe utajua ipi inaendana na jiko lako.

Nazipima kwa vigezo gani

Zote tatu nazipitisha kwenye maswali yaleyale. Muda, yaani kuanzia unavaa kanga ya jikoni mpaka unakaa kula. Mfuko, na hapo tuhesabu na gesi au mkaa maana watu huwa wanahesabu nyama tu. Inavyoelewana na nyama ya kukaanga, hili ndo swali ninalolipa uzito kuliko yote, sababu katsu inakuja na mafuta yake na unga wake, supu ikiwa nzito sana vinagombana mdomoni na ikiwa nyepesi kama chai nyama inaonekana kama mgeni aliyekosea nyumba. Halafu panapoharibika, kila njia ina shimo lake. Na mwisho inamfaa nani.

Nyama yenyewe, hii ni moja kwa zote

Bucha omba nyama ya mgongo isiyo na mfupa, ile yenye utepe wa mafuta pembeni. Wajapani wanaiita rosu. Kama hupendi mafuta chukua fileti, wao wanaiita hire, ni laini ila inakauka haraka ukizubaa. Wenzetu wa Tokyo wanakata nene mpaka sentimita 2, mi nakata 1 na kidogo tu, kwa sababu mbili: kwenye bakuli la rameni kipande kinene hakikai vizuri, na nyama ya nguruwe inatakiwa iive mpaka ndani kusiwe na wekundu, minyoo ya tegu sio hadithi za kutishia watoto. Nunua iliyopimwa na ina mhuri, na kipande cha kwanza ukitoa kwenye mafuta kikate katikati ukione kwa macho yako.

Pale nyama inapokutana na utepe wa mafuta pana mshipa mgumu, ukate kwa ncha ya kisu kila baada ya sentimita 3 hivi, usipoukata nyama ikigusa mafuta inajikunja kama jani kavu. Igonge kidogo, chumvi, pilipili manga, unga wa ngano kwa mbali, yai, chenga za mkate. Mafuta yawe kama nyuzi 170, huna kipimajoto dondosha chenga moja, ikizama mpaka katikati halafu ikapanda juu inachemka basi yako tayari, ikibaki juu na kuungua palepale yamezidi moto. Dakika 2 na nusu mpaka 3 kila upande. Ukitoa iweke kwenye waya au kichujio ipumue, usiilaze kwenye karatasi kwa sababu mvuke unarudi chini na upande wa chini unalowa kabla hata supu haijaigusa.

Haya, supu sasa.

Njia ya kwanza: pakiti ya dukani iliyopambwa

Muda. Dakika 40 hivi, na nyingi ni za nyama. Pakiti yenyewe dakika 3.

Mfuko. Rahisi kuliko zote, gharama yako kubwa ni mafuta ya kukaangia. Mafuta yale yakipoa yachuje uyaweke, yatafanya kazi tena mara moja au mbili.

Inavyoelewana na nyama. Hapa kuna jambo watu hawaliangalii. Tambi za pakiti nyingi (ambazo kwetu huku hata iwe kampuni gani tunaziita Indomie tu) tayari zimeshakaangwa kiwandani. Ndo ujanja aliokuja nao Momofuku Ando wa Nissin pale Japani alipotoa Chikin Ramen mwezi wa 8 mwaka 1958, tambi zinapitishwa kwenye mafuta ya moto, maji yanatoka karibu yote, zinabaki na vitobo vidogo vidogo ambavyo baadaye vinanyonya maji ya moto chap chap. Kwahiyo ukichukua tambi zilizokaangwa ukaweka na nyama iliyokaangwa kwenye supu moja unapata ute wa mafuta juu ya bakuli ambao haupendezi. Dawa yake ndogo tu: chemsha tambi kwenye sufuria yake, yale maji yamwage, supu itengeneze pembeni na maji mengine. Sufuria mbili badala ya moja lakini bakuli linakuwa safi kabisa, hutaamini ni pakiti ileile.

Supu nayo usiiache ilivyo. Kitunguu saumu punje 1 na tangawizi ya kukwaruza vikaange kwa mafuta kidogo, mwaga maji nusu lita, tia kijiko cha soya sosi, halafu ule unga wa pakiti weka nusu. Nusu. Nyama yako ina chumvi, soya ina chumvi, ukimwaga pakiti nzima utakunywa maji usiku kucha. Ukipenda nzito koroga kijiko cha siagi ya karanga isiyo na sukari, inakuwa ina sura ya zile rameni za ufuta, sio kitu kilekile ila inapita.

Panapoharibika. Chumvi, nimeshasema. Na tambi kuiva kupita kiasi wakati wewe unahangaika na nyama. Kaanga nyama kwanza imalize kupumzika, tambi ziwe kitu cha mwisho kabisa kuingia kwenye maji.

Inamfaa nani. Anayetaka kujifunza kukaanga katsu bila kubeba mizigo miwili, mwanafunzi wa chumba kimoja na jiko la plate moja (atapokezana sufuria tu), na mtu aliyetoka kazini saa mbili usiku ana njaa. Kama nyumbani nguruwe hailiwi, mgongo wa pakiti usomwe wote, baadhi zina mafuta ya nguruwe ndani ya supu hata kama mbele pamechorwa kuku.

Njia ya pili: kuku na dagaa, supu ya soya

Hii ina sura ya rameni za zamani za Tokyo, supu rangi ya kahawia unaona mpaka chini ya bakuli.

Muda. Masaa 3 na nusu, ila mengi sufuria iko peke yake. Unafua, unaangalia mpira, unarudi.

Mfuko. Wa kati. Kuku wa kienyeji jike aliyezeeka ndo wenyewe, na sio ushamba wetu huo, hata wapika rameni wa Japani wanawatafuta majike waliokwisha kutaga maana ladha imekaa mfupani. Ukishindwa bei, omba migongo, shingo na miguu ya kuku, kilo moja na nusu inatosha watu wanne.

Jinsi inavyoenda: kuku na maji lita 3, moto ukiona povu la uchafu litoe, halafu shusha moto mpaka maji yawe yanatetemeka tu, yasichemke kwa fujo. Ukiyaacha yachemke kwa nguvu mafuta yanajichanganya na maji na supu inakuwa na ukungu. Masaa 3 hivyo hivyo. Nusu saa ya mwisho tia kipande cha tangawizi, majani ya kitunguu, na dagaa.

Dagaa hapa ndo raha yangu, niache niongee kidogo. Wajapani wana kitu kinaitwa niboshi, ni visamaki vidogo vya baharini, vinachemshwa kwenye maji ya chumvi kisha vinakaushwa, wanavitumia kutolea supu. Sasa wewe mwambie mtu wa Zanzibar au Bagamoyo hayo maelezo, atakwambia hao ni dagaa mchele. Na ni kweli, utengenezaji ni uleule, kuchemsha kwenye maji ya chumvi na kuanika, na samaki wenyewe ni wa ukoo mmoja. Dagaa wa Ziwa Victoria ni wengine, hawachemshwi kwanza, wana harufu kali na mara nyingi wana mchanga, wanakubali ukiwaosha vizuri ila supu inageuka kuwa ya dagaa mazima. Chukua gramu 30, hiyo ni konzi moja hivi, toa vichwa na ule utumbo mweusi maana ndo unaoleta uchungu (Wajapani nao wanautoa), loweka kwenye maji nusu saa, kisha waingize wao na maji yao ndani ya sufuria.

Kwa nini kuchanganya soya na samaki? Profesa Ikeda Kikunae wa Tokyo mwaka 1908 alitoa kwenye mwani wa kombu kile kitu kinacholeta utamu wa supu, glutameti, akauita umami, na mwaka 1913 mwanafunzi wake Kodama Shintaro akakuta kingine kwenye samaki mkavu, inosineti. Hivi viwili vikikutana kila kimoja kinamnyanyua mwenzake. Soya sosi imejaa cha kwanza, dagaa na kuku wanacho cha pili. Ndo maana konzi moja ya dagaa inafanya kazi ambayo kuku wa pili asingeifanya.

Chumvi haiingii kwenye sufuria kabisa. Inakaa kwenye bakuli: soya sosi mililita 150, sukari kijiko kikubwa 1, chemsha dakika moja, hiyo wanaiita tare. Vijiko vikubwa 2 chini ya bakuli, mwaga supu ya moto mililita 300 na kitu, onja. Dagaa wako wakiwa na chumvi kali punguza tare.

Inavyoelewana na nyama. Vizuri sana, tena kwa utulivu. Supu ni nyepesi, nyama inaleta mafuta, kila mmoja kaja na kitu ambacho mwenzake hana. Ila ile njia unayofunikia nyama inakuwa na maana kubwa hapa, supu nyepesi inaonyesha kila chenga iliyodondoka, nitalirudia hili chini.

Panapoharibika. Ukali wa moto, na dagaa kukaa muda mrefu. Nusu saa ikiisha watoe, wakilala humo mpaka kesho supu inakuwa chungu na nyumba inanuka kama bandarini.

Inamfaa nani. Mwenye wageni ambao hawajawahi kula rameni, maana haishtui mtu. Mwenye familia ambayo nusu wanakula nguruwe na nusu hawali: supu hii haina nguruwe, unawakaangia wengine kifua cha kuku kwa njia ileile na mafuta ya karai lake, Wajapani wanaiita torikatsu. Ila angalia lebo ya soya sosi kama pombe ni tatizo kwenu, na mirini (pombe tamu ya mchele ya kupikia) ambayo maelekezo mengi yanaitaja iache, sukari inatosha.

Njia ya tatu: mifupa ya kuchemsha kutwa

Muda. Masaa 8 mpaka 12. Kwa presha kuka masaa 2 na nusu mpaka 3, pamoja na kamchezo kadogo mwishoni.

Mfuko. Mifupa yenyewe ni bei ya kutupa, kuna bucha wanakupa na asante juu, kwao ni mzigo. Kinachokula hela ni moto. Mi nilipika uani kwenye jiko la mkaa na sufuria kubwa, ilipofika saa nane mchana mama mwenye nyumba akatoka na khanga begani akaniuliza kwa sauti ya chini, mwanangu kuna msiba?

Inavyopikwa. Mifupa ya miguu kilo 2 iliyopasuliwa ionekane uboho, na kwato mbili. Ichemshe dakika 15, mwaga maji yote, kisha kaa chini uisugue mfupa mmoja mmoja chini ya bomba utoe damu nyeusi iliyoganda kwenye mikunjo, ukiruka hapa supu inakuwa rangi ya maji ya mtaro na ina harufu ya zizi. Maji mapya lita 5, na sasa kinyume kabisa na supu ya kuku, moto uwe mkali, ichemke kwa fujo muda wote, mafuta na ute wa kwato vipigane na maji mpaka vichanganyike kuwa weupe. Kurume, mji uliopo Fukuoka kule kusini, kibanda cha Nankin Senryo kilianza kuuza rameni ya mifupa ya nguruwe mwaka 1937, ila huu weupe kama maziwa wenyewe wanasimulia kwamba ulitokea kibanda kingine cha hapohapo, Sankyu, mwaka 1947, sufuria iliachwa motoni ikachemka kupita ilivyokusudiwa. Yaani kosa la mtu ndo limekuwa chakula cha mkoa mzima.

Maji yakishuka ongeza ya moto, ya baridi hapana. Kwa presha kuka weupe hautokei wenyewe kwa sababu ndani hakuchemki kwa fujo, kwahiyo ukishaifungua endelea kuchemsha bila mfuniko kwa moto mkali dakika 40, au chota supu na mafuta yake upige kwenye blenda.

Inavyoelewana na nyama. Hapa tuongee ukweli. Supu hii inanata midomo kama makongoro, ni chakula peke yake. Ukiipandishia steki ya kukaanga, bakuli la kwanza unalipenda, nusu ya pili unaanza kuhema. Hakata, sehemu ya jiji la Fukuoka, ambako rameni hii imetawala wanaila na tambi nyembamba, tangawizi nyekundu ya siki na majani ya haradali yaliyowekwa pilipili, vitu vya kukata mafuta. Tufanye kama wao kwa akili yetu: kitimoto na kachumbari vimezoeana miaka mingi, basi tengeneza tangawizi nyembamba nyembamba kwenye siki na chumvi, au kabichi mbichi na ndimu, weka pembeni ya kutosha. Na nyama punguza, vipande vitatu badala ya steki nzima. Hapo inakaa vizuri, na kuna watu wanaopenda uzito wa namna hii, siwezi kuwaambia wamekosea, shemeji yangu alimaliza mawili.

Panapoharibika. Kwenye kuosha mifupa, na kwenye kuishiwa moto katikati. Pia harufu, sio mbaya ila inaingia mpaka kwenye mapazia na jirani asiyekula nguruwe hatafurahi, mtangulizie taarifa.

Inamfaa nani. Mwenye uani, mwenye siku ya mapumziko na anayependa kupika kama anavyopenda kula. Na mwenye friza, maana hakuna mtu anayechemsha masaa 10 kwa bakuli mbili.

Chenga za mkate au wanga?

Hili ni kama chaguo la pili ndani ya chaguo. Chenga za mkate zina ule ukavu wa kuvunjika kwa mlio mdomoni, tumia mkate mweupe wa slesi wa jana, kata kingo, ukwaruze uwe vipande vikubwa kidogo uuache dakika 20 upate upepo, baadhi ya panko, yaani chenga za mkate za Japani zenyewe, inatoka kwenye mkate unaoivishwa kwa umeme unaopita kwenye donge lake, usio na ganda kabisa. Tatizo lake ukiizamisha kwenye supu dakika 4 au 5 zinatosha kuigeuza uji na kujivua kwenye nyama. Wanga ni njia ya paiko: nyama iliyolowekwa soya, tangawizi na saumu nusu saa (wengine wanatia na unga wa bizari ya kari), inapakwa konflawa inakaangwa. Hii haivunjiki kwa mlio vilevile ila ikilowa inakuwa laini yenye kuteleza, inabaki na nyama yake, na ile soya iliyoingia ndani inaungana na supu.

Kwahiyo kwenye supu ya kuku ya kuonekana mpaka chini mi huwa navutwa na wanga. Kwenye pakiti na mifupa, chenga za mkate, lakini nyama iwe kwenye sahani ya pembeni, au ijengewe kisiwa cha kabichi na mayai juu ya tambi isiguse maji. Na usiogope sana kulowa, kwenye katsudon ya Wajapani (wali wenye katsu juu yake) nyama inachemshwa makusudi kwenye supu na mayai mpaka ganda linakunywa na ndo wanavyoipenda.

Tambi kama hutaki za pakiti

Kifupi tu. Rameni inapata ule mvuto na umanjano wake kutokana na maji ya magadi, wanaita kansui, ambayo ni chumvi za sodiamu na potasiamu kaboneti. Ndugu wa karibu kabisa wa magadi yetu tunayochemshia maharage, lile Ziwa Magadi la Kenya limejaa sodiamu kaboneti. Magadi ya sokoni lakini yana floraidi na uchafu mwingine, mi siyatumii hapa. Chukua spageti nyembamba, chemsha kwenye maji yenye bekingi soda (sio bekingi pauda) kijiko kikubwa 1 kwa lita, sufuria iwe kubwa maana povu linafura na kumwagika kwenye jiko, zikiiva mwaga hayo maji na suuza haraka kwa maji ya moto. Sio rameni ya mkono ila ukifumba macho unadanganyika.

Sasa wewe uko wapi?

Hujawahi kukaanga katsu hata siku moja: pakiti, mara mbili au tatu, mpaka mkono uzoee mafuta. Supu nzuri haifichi nyama iliyoungua.

Una wageni wanne Jumapili, na humjui anayekula nini: kuku na dagaa, nyama ya aina mbili kwenye karai mbili, kila mtu achague.

Una bajeti ndogo lakini muda upo na mkaa upo: mifupa, ndo njia pekee hapa ambayo malighafi ni karibu na bure. Kama muda upo ila unatumia gesi, piga hesabu ya mtungi kwanza, kuku anaweza kutoka nafuu.

Una presha kuka na hamu ya supu nzito lakini kesho ni kazi: mifupa ya masaa matatu, ukubali weupe wa kusaidiwa na blenda, hakuna atakayekukamata.

Unapikia watoto au mzee mwenye presha: kuku na dagaa, tare kijiko kimoja badala ya viwili. Pakiti hapo hapana.

Na kama huwezi kuchagua, kuna wapishi wa Japani wanachanganya supu ya nyama na ya samaki kwenye bakuli, wanaita daburu supu. Chemsha mifupa mara moja kwa mwezi, igandishe kwenye vikopo vya bakuli moja moja, siku ya kula changanya nusu kwa nusu na ya kuku. Nyama nayo igandishe mbichi ikiwa imeshapakwa chenga zake, na ikitoka iende moja kwa moja kwenye mafuta bila kuyeyushwa, moto mdogo kidogo na dakika mbili za ziada, halafu kata katikati uangalie kama kawaida.